Kabla Kitabu Hakijapigwa Muhuri

Tangu niyaweke hapa matokeo yangu ya kidato cha nne, simu haijatulia. Asanteni kwa pongezi, na sitajifanya sikuzifurahia. Mtu aliyeishia kidato cha pili kwa kukosa ada, akaja kufanya Mtihani wa Maarifa, ule wa kuwafungulia njia ya kidato cha nne wasiomaliza shule, mtoto akiwa bado ananyonya, kisha akafaulu masomo yote aliyojiandikishia, anayo haki ya kutembea kifua mbele wiki mbili tatu. Kiswahili nina B. Wale waliokuwa wakiniita "profesa wa chipsi" kila nilipopita na daftari, sasa wananiletea watoto wao niwasaidie kazi za shule.

Katikati ya pongezi hizo ukaingia ujumbe wa binti mmoja, nao ndio umenikalisha kuandika leo. "Shikamoo dada. Na mimi nataka kuriseti mwakani. Nimekwenda maktaba ya mkoa wameniambia nilete picha, barua ya serikali ya mtaa na mdhamini. Mdhamini sina. Halafu mlinzi kanizuia kuingia na kitabu changu mwenyewe. Wewe uliwezaje?"

Marahaba mdogo wangu. Nitakujibu, ila nitazunguka kidogo, maana hilo neno mdhamini mimi linanigusa pabaya. Na najua si wewe peke yako. Wengi mnaosoma hapa tunakitafuta kitu kimoja: cheti, kisha chuo, kisha kazi ya kukaa kwenye kiti. Wenye hela za tuisheni ya kila jioni wala hawahitaji makala hii.

Tuanze na mlinzi, kwa kuwa hilo ni dogo. Hakukuonea. Maktaba nyingi ndogo zinataka begi liachwe mlangoni, uingie na daftari, kalamu na maji yako kama wanaruhusu. Kitabu chako binafsi unakionyesha kaunta unapoingia ili usije ukashikwa nacho unapotoka ukaonekana umeiba. Andika jina lako ukurasa wa kwanza, tena kwa kalamu ya wino. Nimeona kijana akibishana nusu saa juu ya kitabu cha hesabu ambacho kweli kilikuwa chake, lakini hakikuwa na jina la mtu, na kile cha maktaba kilikuwa toleo hilohilo lenye jalada hilohilo.

Kusoma mle ndani huku kwetu hakudai mdhamini. Unasaini daftari la wageni, unakaa. Mimi nilisoma hivyo kwa muda mrefu kabla sijawa mwanachama, asubuhi tu, kwa sababu kuanzia saa tisa alasiri nilitakiwa niwe kibandani namenya viazi. Ukitaka meza iliyo karibu na dirisha fika mapema, hasa kuanzia Septemba, watahiniwa wanapoanza kukumbuka kwamba mtihani ni Novemba. Sitakusimulia miezi ile yote. Nilisoma, nilisinzia, nilisoma tena.

Kuazima ndiko kwenye mambo. Hapo wanataka fomu, picha za pasipoti, barua ya mtendaji wa mtaa na mtu mwenye anwani ya kueleweka atakayesaini kwamba ukipotea na kitabu, yeye yupo. Usilichukulie kama dharau. Vitabu vile si vya mkutubi, ni mali ya umma. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyo nayo ni ya mwaka 1975, na kabla yake ilikuwepo ya 1963, nchi ikiwa bado changa kabisa. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na sidhani kama tarehe ile iliokotwa tu. Kwa hiyo usiende pale kaunta umejikunyata kama mtu aliyekuja kukopa unga. Nenda kama mwenye nyumba, lakini mwenye nyumba anayejua kwamba na wenzake wana funguo.

Mdhamini wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu. Sikumfahamu sana. Nilikwenda nyumbani kwake jioni, nikapiga hodi, nikamweleza kila kitu: shule niliyoachia njiani, kibanda, mtihani. Alinisikiliza, akaniuliza maswali mawili ya Kiingereza kunipima, akasaini. Akasema, "Binti, jina langu hili sijawahi kulipeleka polisi wala mahakamani. Usilipeleke wewe." Tulicheka.

Sasa nieleze kadi zinavyofanya kazi, kwa kuwa bila hilo hutaelewa kilichonikuta. Kwenye maktaba ambayo bado haijahamia kwenye kompyuta, fungua jalada la nyuma la kitabu. Utakuta kimfuko cha karatasi, na ndani yake kadi yenye jina la kitabu na namba yake. Unapoazima, kadi ile inatolewa, inaunganishwa na kadi yako ya uanachama, kisha inapangwa kwenye sanduku kwa kufuata tarehe ya kurudisha. Wewe unaondoka na kitabu chenye muhuri wa tarehe. Tangu hapo maktaba haikukumbuki kwa sura wala kwa salamu zako nzuri, inakukumbuka kwa kadi. Ukirudisha, kadi ya kitabu inarudi mfukoni mwake na yako unarudishiwa au inawekwa mahali pake. Kadi ikisahaulika kwenye sanduku, hata kitabu kiwe kimesimama kwenye rafu mbele ya macho ya wote, wewe bado unadaiwa.

Nikaazima kitabu cha baiolojia. Nilikitunza kuliko nguo zangu. Nilikijalidi kwa kaki juu ya jalada lao, nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kukigusa kwa sababu mafuta ya chipsi hayana adabu, na usiku kililala juu ya kabati mbali na mtoto. Nikakirudisha kabla ya tarehe. Mhudumu aliyekuwa zamu siku ile akaanza kukifungua ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu mwingine. Akasimama katikati. Karatasi ya mchoro wa moyo haipo. Akaendelea. Na ya figo haipo. Zimekatwa kwa wembe, safi kabisa, karibu na mshono, kiasi kwamba usipohesabu namba za kurasa huoni kitu.

Nikasema nimekikuta hivyo. Nikasema mimi mada hiyo bado hata sijaifikia, nipo kwenye uainishaji wa viumbe. Akajibu jibu ambalo nitakufa nalo: "Lakini kadi ina jina lako."

Nikaomba tuangalie vitabu vingine vya baiolojia kwenye rafu ileile. Tukaangalia viwili, na kimoja kilikuwa kimekatwa vilevile, mchoro wa jicho umeondoka. Nikadhani sasa imeeleweka kwamba kuna mtu ana wembe mle ndani, na huyo mtu si mimi. Hapana. Utaratibu ni utaratibu. Nikaandikiwa kulipa thamani ya kitabu, uanachama ukasimamishwa mpaka nitakapolipa, na kabla sijafika hata kibandani, mdhamini wangu alikuwa ameshapigiwa simu.

Fedha nililipa kidogokidogo. Zilinilegeza lakini zililipika. Kilichoniuma ni yule mzee. Nilikwenda kwake kumweleza, akanisikiliza kama mara ya kwanza, ila safari hii hakuniuliza swali lolote. Alisema, "Sawa binti, nimesikia." Tangu siku ile nikimwamkia anaitikia marahaba na kupita. Matokeo yalipotoka nilimpelekea keki. Aliipokea, akashukuru. Mpaka leo sijui kama aliniamini, na nikiwa mkweli, hilo linaniuma kuliko F yoyote ningeipata.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako mdogo wangu: kagua kitabu kabla hakijapigwa muhuri. Si baada ya kufika nyumbani, wala si kwenye daladala. Pale pale kaunta, mbele ya mhudumu, hata kama nyuma yako kuna foleni inayoguna. Funua kurasa upesi ukitazama namba. Angalia mshono. Angalia kurasa za michoro na ramani, maana hizo ndizo zinazopendwa na wembe. Ukikuta pengo, alama za kalamu au jalada lililolegea, mwombe mhudumu aandike kwa mkono wake kwenye karatasi ya tarehe kwamba kurasa fulani hazipo, atie saini. Akikataa kuandika, usikichukue hicho kitabu. Kisomee humohumo ndani.

Ushauri wa pili unafanana na wa kwanza: kagua unaporudisha. Usiweke kitabu kaunta ukakimbia kwa sababu mhudumu anaongea na simu. Simama. Ngoja uone kadi inarudi kwenye kimfuko. Ukichelewa tarehe na kuna faini, lipa kwa njia ya malipo ya serikali wanayokupa na uondoke na risiti. Usimpe mtu noti mkononi kwa maelezo ya "nitakuandikia baadaye". Risiti zangu zote ninazo, zimo kwenye bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Ukiona tarehe inakaribia na bado hujamaliza, nenda na kitabu uombe kuongezewa muda kabla ya siku yenyewe. Kama hakuna mwingine aliyekiomba, mara nyingi wanakubali. Kamusi, ensaiklopidia na magazeti havitoki, usipoteze pumzi kuomba. Na vile vitabu vya fasihi vya mtihani, vinavyotakiwa na kila mtu kwa wakati mmoja, usivitegemee kuviazima mwezi wa kumi. Visome Machi, wenye haraka wakiwa bado wamelala.

Jifunze pia namba. Watu wanazunguka mle ndani kutwa nzima wakisoma migongo ya vitabu mmoja mmoja, wakati rafu zimepangwa kwa mpango wa Dewey, ambao upo tangu 1876. Hesabu ziko 510, fizikia 530, kemia 540, baiolojia 570. Historia ya Tanzania 967.8. Fasihi ya Kiswahili inakaa 896.392, na hiyo namba naijua kuliko namba ya simu ya mume wangu. Ukitaka kufuga kuku wakati unasubiri matokeo, nenda 636.5. Ukishakitoa kitabu na hukihitaji, usikirudishe popote upendapo kwa kudhani unasaidia. Kiache mezani. Kitabu kilichorudishwa rafu isiyo yake ni kama kimeibwa, hakuna atakayekipata.

Na sasa nina neno na wewe mwenye wembe, kwa sababu najua unasoma mitandaoni kama sisi sote. Ule mchoro wa moyo uliubandika wapi? Kwenye daftari? Ukutani geto? Karatasi tupu na penseli zingekuchukua dakika ishirini, na kwa kuuchora ungeuelewa, maana mtihani wenyewe unakutaka uuchore na kutaja sehemu zake. Badala yake umemwachia mtu mwingine deni na aibu. Wapo pia wenzako wanaojibu maswali ya mazoezi kwa kalamu ndani ya kitabu, tena majibu yenyewe wamekosa, halafu sisi tunaofuata tunasomea makosa yao. Wapo wanaoweka daftari kwenye kiti saa mbili asubuhi, wanarudi saa saba, na muda wote huo kuna mtu amesimama. Wapo waliogeuza maktaba kituo cha kuchajia simu. Mnalalamika serikali haileti vitabu vipya. Vile vilivyopo mmevifanyaje? Nitalisema hili hata mkinichukia.

Turudi kwa mdhamini wako, dada. Usimtafute rafiki wa rika lako, hatakubaliwa. Mfikirie mwalimu uliyesoma kwake, muuguzi wa zahanati yenu, mtumishi wa kata, kiongozi wa dini mwenye ofisi inayojulikana. Nenda kwake mwenyewe, usimtume mtu wala usimtumie ujumbe wa simu. Mweleze wazi anachosainia, hata ile sehemu mbaya: kwamba kitabu kikipotea watampigia yeye. Umwahidi kwamba kila ukiazima utamwonyesha, na ufanye hivyo kweli. Mimi sikuwahi kumwonyesha mzee wangu kile kitabu kabla ya yale kutokea, hakuna aliyeniambia kwamba inafaa. Angekiona siku nilipokichukua, zile kurasa zikiwa tayari hazipo, mazungumzo yetu yangekuwa mengine. Kama huna kabisa wa kumwendea, muulize mkutubi kama wanapokea amana ya fedha badala ya mdhamini, wakati huo endelea kusoma ndani.

Umeniuliza pia, kwenye ujumbe wa pili, kama mimi naweza kukudhamini kwa kuwa tuko mji mmoja. Kwa sasa hapana, na usinune. Njoo asubuhi kabla ya saa nne, mimi nakaa meza ya pili kutoka kwenye magazeti. Tusome pamoja mpaka likizo ya Juni, nione unavyofungua kitabu, kisha uniulize tena.