Muulize Fundi: Nimechoka na waya wa kebo, antena na bando vitanitosha?

Mwezi huu meseji za wasomaji wa Kigoma zinagonga sehemu moja tu, watu wanataka kuachana na kebo wafunge antena juu ya bati, na vingine waangalie kwa intaneti. Nimechukua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana nyingi zinafanana nayo.

Swali: Shikamoo fundi. Mi naishi Mwanga, nyumbani tuna waya wa kebo toka 2019 na nalipa elfu 15 kila mwezi. Mvua ikinyesha tu waya unakufa, ukipiga simu unaambiwa fundi yuko njiani, siku nne hajaja na hela ya mwezi ndo imeshaenda. Ndani nina mama mkwe, bila taarifa ya habari ya saa 2 usiku halali, watoto wanataka katuni na baba yao mpira. Kijana mmoja wa dukani kaniambia ninunue antena ya dijitali elfu 80, hivyo vingine tutaangalia kwa bando. Nikate kebo au nivumilie? (Mama wa Mwanga)

Marahaba dada yangu, na pole kwa usumbufu. Kata, ila usikate leo. Waya wa kebo uache hapohapo mpaka antena iwe imeshakaa juu na mama mkwe ameangalia habari jioni tatu nne mfululizo bila picha kuganda, hapo sasa ndo unawaambia waje wachukue waya wao.

Nianze na hiyo elfu 80 maana imeniuma. Hamna kitu kinaitwa antena ya dijitali. Tulipohama kutoka analojia, Dar es Salaam wakazima mitambo ya zamani tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine ikafuata kwa zamu, kilichobadilika ni namna picha inavyofungashwa ndani ya mawimbi, lakini mawimbi ya TV ni yaleyale ya UHF, yaani masafa ya juu yanayorushia TV, na antena ni vyuma tu, haijui imebeba nini. Ile ya kawaida yenye umbo la mfupa wa samaki wetu mgebuka aliyekwisha kuliwa, ilimradi iwe ya UHF, inafanya kazi vizuri kabisa, na kama kuna ya zamani stoo kwa jirani imekaa tu basi iombe, ipanguse kutu kwenye maungio na uibadilishe waya.

Cha dijitali kinachotakiwa ni TV yenyewe au king'amuzi. Geuza TV usome stika ya nyuma au ingia kwenye menyu, ukiona DVB-T2 basi TV yako inasoma mfumo wa hapa kwetu bila kitu cha kuongezea, usipoiona itabidi upate king'amuzi cha antena. Na hata TV ikiwa na hiyo T2, chaneli iliyofungwa na kampuni haifunguki bila king'amuzi cha kampuni hiyohiyo, itatokea jina tu na kioo cheusi. Kwahiyo usimsikilize anayekuambia utapata chaneli mia moja za bure. Unachotafuta kwenye antena ni zile chaneli za bure za nyumbani, TBC1, ITV, Star TV na wenzao, kutegemea mitambo inayofika mtaani kwako inarusha zipi, na habari ya saa 2 ya mama mkwe imo humo.

Utajuaje zinafika? Usitoe hela, toka nje. Simama barazani uangalie mapaa ya majirani, antena zao zimeelekea wapi, alafu angalia vile vijiti vyake vimelala au vimesimama, maana mnara ukirusha mawimbi ya kulala na we ukasimamisha vijiti unapoteza sehemu kubwa ya nguvu bure. Ukishamwona mwenye antena bisha hodi jioni, mwambie jirani naomba nione TV yako inashika nini. Dakika kumi sebuleni kwa jirani zinakuambia ukweli kuliko muuzaji yeyote.

Kigoma ni mji wa vilima na mawimbi haya yanapenda njia iliyonyooka. Kuna nyumba hukohuko Mwanga niliitwa mwaka jana, walikuwa wameiweka antena darini, chini ya bati, eti isinyeshewe. Bati ni chuma, linayarudisha mawimbi yote. Nikaitoa nikaifunga kwenye bomba ukutani, bado mwembe ulikuwa mbele yake na ubora wa mawimbi kwenye kipimo cha TV ukawa unacheza asilimia 30, picha inakuja inakatika vipande vipande. Mi niko juu ya ngazi nazungusha bomba kidogo kidogo, mtoto wa darasa la tatu yuko dirishani anatazama kipimo ananipigia kelele, imekuja, imepotea, imekuja tena! Tukaongeza bomba mita 3 ikapita majani ya mwembe, kipimo kikapanda mpaka 75 na kikatulia hapo. Antena ilikuwa ileile. Ndo maana nasema hela yako iweke kwenye bomba na waya mzuri kabla ya kununua antena ya bei mbaya.

Sasa watoto na katuni. Hapo intaneti inasaidia sana maana YouTube ina katuni nyingi tu, hata za Kiswahili, ila usiwaachie TV ijichagulie yenyewe inayofuata mpaka usiku, utalia. Zima ile ya kucheza yenyewe, washushe ubora, wape muda.

Baba yao nimwambie ukweli bila kumzungusha. Ligi Kuu yetu haki zake ziko kwa Azam, na ya Uingereza inaonekana kwa DStv kupitia SuperSport. Antena ya bure haitampa hizo. Timu yetu ya Mashujaa wakicheza pale uwanja wa Lake Tanganyika anaweza akaenda uwanjani kwa miguu, lakini mechi za ugenini atalipia king'amuzi, au atalipia programu ya simu, au ataenda kibanda umiza na wenzake. Uzuri wa king'amuzi ni kwamba unalipa kabla, kwahiyo miezi ambayo ligi imesimama hulipi na mama mkwe bado ana habari yake kwenye antena. Kaeni mezani mpige hesabu, miezi mingapi kwa mwaka mpira unaangaliwa kweli, zidisha na bei ya kifurushi chake, ongeza bando la katuni, linganisha na elfu 15 mara 12 ambayo ni laki na elfu 80 kwa mwaka. Nyumba zingine hesabu inatoka nzuri, zingine mwenye mpira anakula akiba yote, na bora mlijue hilo kabla waya haujakatwa.

Swali: Fundi habari. Nipo Bangwe, nyumba yetu iko bondeni nyuma ya kilima. Nimefunga antena na busta ila picha inaganda kila dakika, mchana nafuu kidogo. Ninunue busta kubwa zaidi? (Kaka wa Bangwe)

Nzuri kaka. Usinunue kwanza. Enzi za analojia mawimbi yakiwa hafifu uliona chenga lakini mtu bado unamtambua na sauti unaisikia. Dijitali haina huruma hiyo, yakishuka chini ya kiwango kidogo tu picha inaganda au kioo kinakuwa cheusi, kwahiyo we uko pale ukingoni na kitu kidogo kinakuangusha.

Busta hatengenezi mawimbi, anakuza alichopewa, ukimpa uchafu anakukuzia uchafu. Najua mafundi wengi wanamweka nyuma ya TV kwa sababu ndo kwenye umeme, na hapo amechelewa, maana waya nao unakula. Mita 20 za waya wa RG6, ule mnene wa antena, zinameza zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ndani, na ule mwembamba wa bei rahisi unameza kuliko huo. Busta akae juu kwenye bomba karibu na antena, umeme umpandishie kwa waya huohuo, ziko za hivyo. Waya uwe mfupi unavyoweza, usiwe na viungo vya kusokota na selotepu, na koneta uzibe maji yasiingie. Kama umegawa waya kwenda TV mbili, jaribu kwanza na moja, kigawanyio peke yake kinakata nguvu nusu kwa nusu.

Alafu fungua menyu ya kipimo, utaona mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. We fuata ubora. Nguvu ikiwa 90 na ubora 20 maana yake unapokea makelele, na ukijazia busta kubwa unaongeza makelele. Tembea na antena kwenye kiwanja chako, wakati mwingine kusogea hatua mbili pembeni kunatosha, mawimbi yanayopita juu ya kilima au kugonga kilima cha pili yanafika kwa madoa madoa. Ukizunguka kiwanja chote na ubora haupandi, hapo kilima kimeshinda, chukua dishi. Dishi linaangalia juu kwenye setilaiti, kilima cha upande wa mnara hakilihusu ilimradi huko linakoelekea kuwe wazi.

Swali: Oya fundi, mi kijana wa Gungu. Nilinunua bando la GB 5 niangalie mechi moja kwenye TV janja kwa hotspot ya simu, dakika ya 80 bando likaisha. Kampuni ya simu imeniibia? (Kijana wa Gungu)

Mdogo wangu, kwa hesabu ninayoiona hujaibiwa. Video ya kiwango cha juu cha HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, hiyo ndo hesabu ambayo hata Netflix wenyewe wanawaambia wateja wao. Mechi ni dakika 90, mapumziko 15, na zile za nyongeza, we weka saa 2 kasoro, hiyo ni GB 5 na zaidi. Dakika ya 80 ndo penyewe kabisa.

Kosa liko kwenye neno moja, «auto», yaani TV ijichagulie yenyewe ubora wa picha. Simu ina kioo kidogo lakini TV ya inchi 43 ikiona mtandao una nguvu inavuta picha kubwa kuliko zote. Kiwango cha kati kinakula kama GB 0.7 kwa saa, mechi nzima GB 1 na nusu hivi, na namba ya jezi unaisoma bila shida. Kwahiyo ingia kwenye mipangilio ya ubora kabla mpira haujaanza, weka 480, ndo hicho kiwango cha kati, na isiwe auto, alafu zima ile ya TV kujisasisha programu zake, maana TV nyingi zikishika hotspot zinaona zimepata waifai ya bure zinaanza kujishushia vitu kimyakimya. Simu iweke dirishani mtandao unaposhika, iwe kwenye chaji na isifunikwe na mto, inachemka sana.

Na jambo la kukuandaa kisaikolojia, mpira wa intaneti unachelewa. Programu inakusanya vipande vya video kwanza ndo inacheza, kwahiyo unaweza kuwa nyuma nusu dakika mpaka dakika nzima. Kibanda umiza kikiwa jirani utasikia watu wanalipuka goli na we kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Funga dirisha.

Zile linki za bure wanazotumiana kwenye magrupu nakuomba uachane nazo kabisa, nyingi zinakutaka uweke namba ya simu au ushushe kitu usichokijua, na simu hiyohiyo ndo ina hela zako.

Swali: Mwanangu, TV yangu ni ile ya chogo, bado nzima. Niitupe? Na wanangu wanakataa nisifunge bomba refu, wanaogopa radi. (Mzee wa Ujiji)

Shikamoo mzee wangu. Usiitupe. Nunua king'amuzi cha DVB-T2 chenye matundu matatu nyuma, njano, nyeupe na nyekundu, waya wake unachomeka rangi kwa rangi kwenye hiyo TV, rimoti unaweka AV, basi. Picha haitakuwa kali kama ya TV bapa lakini habari utaziona vizuri. Kabla hujalipa dukani hakikisha hayo matundu yapo, siku hizi vingine vimebaki na HDMI peke yake na TV ya chogo haina.

Kwenye radi wanao wana haki, wasikilize. Hapo ng'ambo ya ziwa, mashariki mwa Kongo, ni moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na mawingu hayaombi ruhusa kuvuka Tanganyika. Bomba lifungwe waya mnene wa shaba unaoshuka moja kwa moja mpaka kwenye chuma kilichozikwa ardhini, usipite ndani ya nyumba. Hiyo inasaidia lakini haizuii kila kitu, kwahiyo ukisikia ngurumo kwa mbali chomoa plagi ya umeme na waya wa antena nyuma ya TV, vyote viwili. Ngurumo ikishafika juu yenu usiuguse tena ule waya, iache TV ife kuliko wewe.

Na bomba lisisimamishwe karibu na nyaya za umeme. Lilaze chini kwanza upime urefu wake, ukiona likianguka upande wowote linafika kwenye nyaya, hamisha sehemu. Siku ya kulisimamisha waite vijana wawili walishike, wewe mzee wangu kaa barazani uangalie kipimo.