Futeni "sekta zote, Afrika nzima" kabla hamjamwandikia mwekezaji yeyote

Ndugu yangu, sentensi hiyo ifute leo. Unauliza kama ni busara mfuko wenu wa mtaji wa ubia, yaani wa kuwekeza katika kampuni changa, kujitangaza kuwa mnawekeza "katika sekta zote, Afrika nzima" ili msijifungie milango. Mimi niliiandika sentensi hiyo mwaka 2018, karibu neno kwa neno, na ndiyo iliyotuzika.

Aliyetushauri alikuwa mtaalamu wa kulipwa, na ole wetu, tulimlipa vizuri. Alitutolea mfano wa Andreessen Horowitz, kampuni ya mtaji wa ubia ya Marekani, eti hawajibani, wala hakutukumbusha kwamba kampuni ile ilianza mwaka 2009 na mfuko wa dola milioni 300, na kwamba Marc Andreessen, mmoja wa wenye kampuni hiyo, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, kwa hiyo vijana wenye kampuni changa walimjua kabla hajatangaza lolote. Sisi tulikuwa na dola milioni 6 na kadi za biashara za kupendeza. Kadi hizo bado zina kazi: binti yangu huchora paka nyuma yake. Mshauri naye, nasikia, siku hizi anaendesha semina.

Sasa pigeni hesabu ambayo sisi hatukuipiga. Ada ya usimamizi, wanayolipwa wasimamizi wa mfuko, iliyozoeleka ni asilimia 2 ya mtaji kwa mwaka, ambayo kwa milioni 6 ni dola 120,000, na humo mtoe mishahara, kodi ya ofisi, wakili, mkaguzi wa hesabu na nauli. Aliyejitangaza kuwa wa sekta zote hulazimika kuchunguza kilimo Kampala wiki hii na bima Lagos wiki ijayo, bila uwezo wa kuajiri hata mtu mmoja anayejua mahindi. Tuliweka fedha katika kampuni ya maghala ya nafaka, na neno sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, tulilijua siku shehena ilipokataliwa kwa sababu mahindi yaliingizwa ghalani yakiwa na unyevu uliozidi asilimia 13.5. Mkulima yeyote wa Kitale angetuambia bure.

Hata hivyo, ghala halikutuumiza kama lile lisiloonekana vitabuni. Mwanzilishi hodari huchagua mwekezaji, na mwenye kampuni ya malipo alimtaka anayezifahamu taratibu za Benki Kuu ya Kenya, si anayefahamu kila kitu kidogo kidogo, hivyo tukaletewa waliokwisha kukataliwa kwingine. Na ingawa mfuko huishi takriban miaka 10, fedha za mfuko wa pili huanza kutafutwa baada ya miaka mitatu au minne, mara nyingi kabla faida yoyote haijarudi, kwa hiyo wawekezaji hupima zaidi aina ya kampuni zinazoujia mfuko. Mama mmoja mpole, kutoka taasisi ya fedha za maendeleo ya Ulaya, alituuliza: "Mwanzilishi wa aina gani huwapigia ninyi simu kabla ya mtu mwingine yeyote?" Tulikuwa watatu mezani, na alipata majibu matatu. Mfuko wa pili haukuzaliwa.

Andikeni jibu la swali lake, kila mmoja kwenye karatasi yake, bila kuonyeshana. Yasipolingana, msichapishe chochote, hasa kadi.