Saa ya kuhesabu hatua na afya ya mvaaji

Ndugu, umeuliza kama saa za kupima mazoezi zinaboresha afya kweli. Kwa upande wa uzito, saa peke yake haitoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, waliwafuatilia vijana 471 wenye uzito uliozidi kwa miezi 24, wote wakipewa ushauri wa lishe na mazoezi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliovalishwa kifaa mkononi walipungua wastani wa kilo 3.5, ilhali wenzao waliojiandikia mazoezi yao wenyewe walipungua kilo 5.9. Hata zile hatua 10,000 tunazohimizwa kuzifikisha zilitokana na jina la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala si agizo la daktari.

Hata hivyo sikushauri uivue. Mama yangu, ambaye ana kisukari, akitazama mkononi jioni na kuona hatua 3,000 tu, hushuka daladala kituo kimoja kabla ya kwetu akamalizia kwa miguu, na huo mwendo ndio unaomsaidia, mradi asiache dawa zake wala kliniki.