Ukishauliza "kwa nini", uliza na "kwa kiasi gani"

Ramadhani ya 2024, katikati ya Machi, mama alinipigia simu kutoka Kigoma nikiwa na tambi mdomoni. "Ushafuturu?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. "Sisi huku jua bado linatuangalia." Hapa Dar es Salaam jua lilikuwa limezama saa 12:36, yeye angesubiri mpaka saa 1:15 hivi.

Kaka akadakia pembeni: "Dunia ni duara, mama." Jibu hilo nimelisikia tangu shule ya msingi na sina ugomvi nalo, ila halimalizi kitu. Ni duara, sawa. Mbona basi tofauti ni karibu dakika arobaini, si kumi, wala si saa mbili? Hapo ndipo ninapomshauri kila mdadisi atie nanga: ukipewa sababu, dai na kiasi chake. Mara nyingi aliyekupa sababu ataanza kujikuna kichwa.

Hesabu yenyewe niliifanya nyuma ya risiti ya umeme wa LUKU. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii ni dakika 4. Dar iko digrii 39.3 mashariki, Kigoma 29.6. Toa, zidisha kwa nne: dakika 39. Nikamsomea mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo sisi tunafunga zaidi." Nikamuuliza, na daku je? Wao wanakula wakati sisi tumeshafunga vinywa. "La daku sikuliwaza," akasema, akakata simu.

Ushauri wangu wa pili: kabla ya kukimbilia simu, pima kitu kwa mkono wako, hata mara moja. Mimi nilisimika mpini wa ufagio uani, wima kabisa (tumia uzi wenye jiwe, jicho hudanganya), nikaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Nilitegemea kivuli kiwe kifupi kuliko vyote saa sita kamili mchana. Wapi! Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, na mpini ulikimeza kivuli chake karibu saa 6:35. Wapangaji wenzangu walidhani nafanya uganga. Nikarudia karibu na tarehe 10 Oktoba, ambapo jua hupita tena utosini mwa Dar: safari hii ilikuwa saa 6:10 hivi.

Sehemu ya ucheleweshaji huo ni saa zetu. Zimepangwa kwa digrii 45 mashariki, nje kabisa ya nchi, na Dar iko nyuma yake kwa dakika 23. Hizo hazibadiliki. Zinazohama zinatoka kwa dunia yenyewe: mhimili wake umeinama na njia yake kulizunguka jua si duara kamili, basi adhuhuri ya kweli husogea mbele na nyuma mwaka mzima. Ndiyo maana mwanzoni mwa Novemba jua la Dar huzama kama saa 12:17, na katikati ya Februari saa 12:47, ilhali urefu wa mchana ni karibu uleule. Ukiona Februari jioni imerefuka, angalia na alfajiri yake: imechelewa pia.

Kuna maswali ambayo hayana mpini wa kuyapima. Niliwahi kunyang'anywa asali ya Tabora uwanja wa ndege, chupa ya nusu lita iliyobaki vijiko viwili. Kilichohesabiwa pale kilikuwa ukubwa wa chombo, mwisho mililita 100, na asali nayo ilihesabiwa kimiminika. Sheria ilizaliwa baada ya njama ya Agosti 2006 ya kulipua ndege zilizotoka London kwa vilipuzi vya maji ndani ya chupa za vinywaji, ambavyo mashine za wakati ule zilishindwa kuvitofautisha na soda. Hayo niliyasoma baadaye, nikiwa nimekaa. Kwenye foleni ya ukaguzi usiulize, nilijaribu.

Juzi mama kapiga tena, safari hii bila malalamiko. Mbona mwezi mwandamo wa Kigoma umelala kama mtumbwi, na ule wa kwenye picha za Ulaya umesimama? Nikamwambia autazame jioni tatu mfululizo, na aniambie umeinama kiasi gani.