Uliza Tujibu: Kijana aende VETA au gereji?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi mama wa watoto wanne niko Kihonda, Morogoro. Kitinda mimba wangu kamaliza fomu foo kapata divisheni foo, ndo imeshakuwa. Baba yake anataka aende gereji kwa rafiki yake, anaanza hata kesho, ada hakuna, atakuwa anapewa hela ya kula. Mi nataka aende VETA ila nikipiga hesabu ya ada na hosteli nachoka, na baba yake anasema hao wa vyuoni wanachora injini kwenye daftari tu. Tunavutana kila jioni. Na usinijibu elimu ni ufunguo wa maisha, hiyo nimeshaisikia. — Mama K.

JIBU: Pole mama'angu, ya ufunguo sikwambii. Ubishi wenu huu huu kuna wachumi waliupima hapo Uganda, wakafuatilia vijana kama 1,700 na biashara ndogo ndogo kama 1,500 kwa miaka 4, majibu yakachapishwa 2020. Vijana wenyewe ni wa familia za hali ya chini, na fani ni zile za mtaani kwetu: umakanika, kuchomelea, umeme wa majumbani, mabomba, ushonaji, saluni. Kundi moja wakalipiwa chuo cha ufundi miezi 6. Kundi lingine ndo lile la baba yake: mwenye gereji au karakana analipwa shilingi za Uganda 120,000 kwa mwezi, miezi 6, amchukue kijana amfundishe kazi, humo 90,000 ni ya kijana na 30,000 inabaki kwa bosi. (Yaani hata wa gereji kule walikuwa na afadhali kuliko huyo rafiki wa mzee na hela yake ya kula.)

Sasa mumeo hajakosea kabisa, mwambie hivyo kwanza ili akusikilize. Makundi yote mawili yalinufaika ukiwalinganisha na vijana ambao hawakupewa chochote, na wa gereji ndo waliotangulia kupata kazi maana si walishaingia ndani tayari. Ila miaka ilivyosogea wa chuo wakawapita, ajira kwao iliongezeka kwa asilimia 21 wakati wa gereji ni 14, na kipato kikapanda asilimia 34 kwa 20.

Kwanini? Kijana wa gereji anaijua gereji ile. Anajua magari yanayoletwa pale, bosi anapenda kazi ifanywe vipi, spana namba 14 inakaa wapi. Siku wakikorofishana au bosi akafunga, anaenda kubisha hodi kwingine anaulizwa unajua nini, anasema najua kushusha injini, haya nani amwamini wakati kila anayepita anasema hivyo hivyo? Mwenzake ana cheti na alichofundishwa kinatumika gereji yoyote, kwa hiyo akipoteza kazi hakai sana, na hata akiwa kazini anaitwa penye maslahi zaidi, na mshahara unapandia hapo hapo kwenye kuhama. Yule mwingine anang'ang'ania bosi mmoja hata akilipwa kiduchu.

Angalizo moja kubwa, vile vyuo vya Uganda vilichaguliwa kwa sifa zake, sio kila jengo lenye bango la chuo. Kabla hujalipa ada nenda kaangalie karakana yao saa za vipindi, uone kama wanafunzi wana mafuta mikononi au wamekaa wanasubiri zamu ya injini moja watu arobaini. Uliza pia waliomaliza mwaka jana wako wapi, wakijiuma uma ondoka.

Na kama ada imegoma kabisa, basi aanze gereji, lakini asiishie hapo. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, fundi anapimwa kwa anachokijua na akifaulu anapewa cheti. Huyo rafiki wa mzee akubali kabisa mwanzoni kwamba kijana ataachiwa nafasi akapimwe, maana mabosi wengine hawapendi kijana apate karatasi, wanajua ataondoka.

SWALI: Mi hizi tafiti huwa nasoma nacheka tu. Waliopelekwa chuo si ndo wale wenye juhudi zao, hata wangebaki nyumbani wangetoboa? — Mbishi wa Tandika

JIBU: Swali zuri kaka, na ndo maana hawakuacha vijana wajichagulie. Walipangwa kwa kura, mwenye juhudi na mvivu wote wanaweza kuangukia kundi lolote, kwa hiyo tofauti inayotokea baadae huwezi kusema ni ya juhudi. Njia hii ndo iliyowapa wachumi Banerjee, Duflo na Kremer Nobeli ya uchumi 2019, na Kremer alianzia mbali, kwenye shule za Busia, Kenya, miaka ya 90.

Mi ubishi wangu uko kwingine. Kenya hiyo hiyo walijaribu kuongeza mashuleni walimu wa mkataba, shule zilizosimamiwa na shirika binafsi watoto wakapanda alama, zilizosimamiwa na serikali hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo ukiniambia kitu kimefanya kazi, nitakuuliza aliyekisimamia ni nani.

SWALI: Kwanini wasigawe mtaji tu kila mtu ajue mwenyewe? — Dereva boda, Mbeya

JIBU: Walishagawa, kaskazini mwa Uganda 2008, vijana wakaunda vikundi na kila mmoja ikamfikia kama dola 382 ya kujifunza fani na kununua vifaa. Baada ya miaka 4 kipato chao kilikuwa juu asilimia 38 kuliko wasiopata. Baada ya miaka 9 wasiopata wakawa wamewafikia. Miaka kadhaa ya kula vizuri sio haba, mi ningechukua, ila usiingie ukidhani pengo litabaki hivyo maisha yote.