Akaunti ya Mama Isikae Mkononi mwa Mtu wa Saiba

Mama yangu ana kabambe, simu ndogo ya vitufe, na haionei aibu. Betri inamkalia siku nne. Alipohitaji huduma ya serikali alikwenda saiba, kibanda cha intaneti, pale Likoni, Mombasa, kijana akamfungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kumtoza shilingi 200. Mwaka uliofuata nilipotaka kuingia, nikakuta barua pepe na nambari ya simu zote ni za yule kijana, na kibanda kimeshafungwa. Kila nilipoomba msimbo, ulikwenda kwake, popote alipo.

Tulivuka feri hadi Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na kitambulisho chake, asubuhi nzima ikaishia hapo.

Tulipofanikiwa kuingia nikakumbuka Juni 2021, Wakenya wengi walipogundua wameandikishwa vyama vya kisiasa bila idhini yao. Wenye simu janja walijiondoa, wakalalamika mitandaoni. Nikatafuta jina la mama humo humo kwenye eCitizen. Alikuwamo! Katika chama ambacho hata kukitaja hapendi. "Nani kanitia?" Muda wote huo alikuwa akihesabiwa mfuasi, na ambaye hana intaneti angejuaje?

Kwa hiyo, kama una mzee nyumbani, mfungulie barua pepe yake mwenyewe na utumie laini yake. Msimbo huja kwa SMS, na kabambe inaupokea vizuri tu. Neno la siri liandikwe daftarini, lifungiwe pamoja na hati ya shamba. Halafu usimjazie fomu kimyakimya; msomee kila swali, ajibu yeye.

Miswada nayo ni hivyo hivyo. Ule wa Fedha wa 2024 vijana waliuchambua TikTok na X kabla ya kuingia barabarani Juni mwaka huo. Ndani yake kulikuwa na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, na mama anakaanga mahamri kila alfajiri. Hakuwa amesikia. Nilichapisha ukurasa huo mmoja tu (mswada mzima ungewalaza), nikawasomea wanawake wa chama chake cha kuzungushiana pesa. Waliandika maoni kwa mkono, wakatia sahihi, mmoja akaweka dole gumba. Mimi nilipiga picha tu na kutuma.

Siku hizi msimbo ukiingia hunipigia: "Kuna nambari sita hapa, unaingia wapi?" Nisipomweleza, hanipi.