Jibu: Mbona akichora anachekesha, akiandika anachosha?

Mkuu, umeuliza kwa nini mchora katuni wa gazetini anayetuvunja mbavu kila asubuhi, akiandika makala tunasinzia. Mimi naona ni nafasi. Mchora katuni wa Marekani, Charles Schulz, alipoanza katuni yake ya magazetini, Peanuts, Oktoba 1950, alipewa visanduku vinne vidogo vya ukubwa sawa, ili gazeti liweze kuvipanga kwa mlalo, wima au mraba. Alibanwa hivyo hadi 1988. Humo neno la ziada halina pa kukaa. Hata kimya kina kazi yake.

Huyu wetu akipewa ukurasa mzima anajaza aya sita za kutafuta maegesho ya gari, na hakuna kinachotokea. Inaniuma, maana michoro yake naipenda mno. Afute aya tano.